Kwa Nini Mama Mdogo Mwanaisha Hapigwi Picha

Mwanangu Swafiya,

Salamu sikuandikii. Tumesalimiana alfajiri, saa nne tukagombana kwa sababu ya begi, na kabla ya Isha tutakuwa tumeshapatana. Saa hizi umekwenda Kizingo kumuaga mwalimu wako. Mimi nimeswali Alasiri, nikajifungia chumbani na daftari lako la shule, lile uliloliacha nusu. Mama mdogo wako Mwanaisha yuko jikoni anakanda unga wa mahamri ya safari yako. Anadhani nimelala.

Sitakuandikia habari ya blanketi wala ya dawa ya kifua. Hayo mama mdogo wako ameshakwambia mara tatu, na mara ya nne atakwambia kesho pale Mwembe Tayari, mbele ya abiria wote, mpaka utamani basi liondoke. Mimi nina jambo jingine. Limenikaa kooni tangu kabla hujazaliwa. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini mimi nilizaa, nikalea, na bado nikaficha.

Unakumbuka Ijumaa iliyopita, ulipotaka kumpiga picha?

"Mama mdogo, tizama hapa. Moja tu, n'ende nayo."

Akauvuta upande wa leso akajifunika uso mzima. "Niondolee simu yako, Swafiya."

"Hata mimi? Mwanao?"

"Hata wewe."

Ukacheka, ukanigeukia mimi. "Mama, nakwenda mpaka Isiolo kuwatafuta wanawake wasio na kitambulisho, na mmoja namwacha jikoni kwetu! Kinyozi hajinyoi." Nami nikacheka. Nilicheka, Swafiya, na yeye akageuka akawa anakoroga chungu kisichohitaji kukorogwa.

Tena kuna ile barua yako ya kuombea kazi. Ulinisomea hapa hapa kitandani kwangu. Ulisema mama yako ndiye aliyewatoa wanawake wa Kibokoni majumbani, mlango kwa mlango, mpaka wakaandikishwa na kupiga kura. Ukasema nyumbani kwenu yuko mama mmoja ambaye hofu ya kizamani imemnyima hata kitambulisho, na kwamba unataka kuwafikia wenye hofu kama yake. Ukaniuliza, "Nimeandika vizuri?" Nikasema umeandika vizuri. Na kazi ukapewa, labda kwa maneno hayo hayo.

Basi jua leo kwamba Mwanaisha hana hofu ya kizamani. Hakuzaliwa anaogopa picha. Wakati mmoja alikuwa na ujasiri kunipita mimi, na aliyemharibia ni mimi.

Nianze mbali kidogo. Kura yenyewe hatukuianza sisi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa miongoni mwa wanawake wa mji waliotia kidole gumba kwenye barua ya kuidai kura kwa Mkoloni, enzi ambazo waume zao wanapiga na wao hawapigi. Nilikua nikisikia jambo hilo mpaka nikaliona kama mali yangu ya urithi. Lakini nilipopata akili za kutazama, nikaona mtaani kwetu wanawake wengi haki wanayo na hawaitumii, kwa sababu hawana kitambulisho. Na kitambulisho kinataka picha ya uso. Kuna waume waliokuwa hawataki uso wa mke upigwe picha na mwanamume wa dukani, wakisema mke wangu anataka kitambulisho cha nini, kwani atasafiri?

Vyama vingi viliporudi, na uchaguzi ukawa unakuja, nilikuwa na miaka ishirini na kitu, sijaolewa, nina mdomo. Nikaanza kubisha milango. Nilianza na majirani, kisha marafiki wa majirani. Walinitukana wengine, wengine walinipa kahawa. Arusini niliimbiwa vijembe mbele ya mama yangu, kwamba huyu binti kakosa mume ndiyo maana anawachezea waume wa wenziwe. Nilivimba kichwa, mwanangu. Usidhani matusi hunyenyekeza mtu kila mara. Mimi yalinifanya nijione shujaa.

Tulikuwa na utaratibu wetu. Mwanamke namchukua kwake mmoja mmoja, kama vile tunakwenda kumtazama mgonjwa. Tunakwenda kwa mpiga picha aliyekuwa na duka karibu na Mwembe Tayari, mbali na macho ya mtaani. Nakaa naye ndani mpaka apigwe, nachukua picha, nachukua na negativu zake, ile filamu ya kutolea picha nyingine, ili uso wake usibaki kwa mtu, kisha namrudisha mpaka mlangoni kwake. Nikupeleke, nikurudishe. Hilo ndilo nililowaambia wote, na ndilo lililowafanya waniamini. Mwanamke aliyetoka na mwanamke mwenziwe hana la kuulizwa. Aliyekaa peke yake kwenye chumba cha mpiga picha, hilo ni jambo jingine kabisa mjini kwetu, na wakati ule lilikuwa zaidi.

Mwanaisha alikuwa jirani, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Unajua si ndugu yangu wa damu, lakini sijapata kukwambia tulivyokutana hasa. Alikuwa na mume, Athumani, karani wa bandarini, na mtoto mmoja wa kiume. Sikumshawishi. Yeye ndiye aliyekuja kwangu.

"Nami nipeleke," akasema.

"Mumeo yuwajua?"

"Atajua nikishakuwa nacho mkononi. Athumani si mtu wa ugomvi, ila ukimuuliza kabla atakwenda kuuliza watu baraza nzima."

Tukacheka sana. Alikuwa mcheshi. Wewe umemjua mtulivu, nami nikikusikia unasema mama mdogo ni mpole kwa maumbile, nanyamaza.

Siku hiyo tulipofika dukani, niliambiwa na mtu kwamba kule ofisi ya uandikishaji watu ni wengi na watafunga mapema. Nilikuwa na wanawake wengine wananingoja huko, wenye picha tayari. Nikamwambia, "Keti, nikashike foleni. Sasa hivi narudi." Akaketi. Mimi nikaenda. Na nilipofika kule nikajikuta katikati ya kazi, naitwa huku, naandika fomu kule, kila mtu Rukia, Rukia. Nilipomkumbuka ilikuwa Alasiri imepita. Mwanaisha alikuwa amepigwa picha, amengoja, kisha amerudi kwake peke yake. Picha zake alizichukua. Negativu hakuulizia, hakujua kuna kitu cha kuulizia, maana hiyo ilikuwa kazi yangu.

Jioni nilipopita kwake hakulalamika. Alinionyesha picha akasema, "Nimetoka mzuri, eti?" Alikuwa ametoka mzuri kweli. Na mpiga picha naye aliona hivyo. Aliikuza picha ile, akaitia katika kioo cha duka pamoja na picha za maharusi, ili wapita njia waone kazi yake.

Athumani hupita Mwembe Tayari mara ngapi kwa mwaka? Siku moja alikwenda kumsindikiza ndugu yake, anapanda basi la bara. Akamwona mkewe kwenye kioo, uso wazi, na wanaume wamesimama hapo wanatafuna karanga wakingoja gari.

Usimfikirie vibaya, maana mimi kwa miaka mingi nilijipumzisha kwa kumfikiria vibaya. Hakumpiga mkewe wala hakupiga kelele. Alimuuliza, naye akamwambia ukweli wote: nilikwenda na Rukia. Athumani akasema, kama ni hivyo, yaishe, nitamsikia Rukia mwenyewe. Baada ya Magharibi akaja kwetu pamoja na ami yake. Baba yangu akawakaribisha barazani, akaniita. Nikasimama nyuma ya mlango, kama ilivyokuwa ada, nikamwamkia.

"Bi Rukia," akasema, "nimekuja kwa heshima. Sikuja kukugombeza. Mke wangu asema mlikuwa pamoja kwa mpiga picha. Nambie ni kweli, nami ntarudi nyumbani nikalale."

Siku ya pili yake wanawake wa mtaa mzima walikuwa wanakwenda kuandikishwa, kundi kubwa kuliko yote tuliyopata. Nilijua nikisema ndiyo, basi kabla ya adhuhuri kila mume wa Kibokoni atakuwa amejua kwamba Rukia huwachukua wake za watu kwa siri kwa mpiga picha, na milango yote itafungwa. Nilifanya hesabu pale pale nyuma ya mlango. Mmoja upande huu, wengi upande ule. Nikajiambia heri nusu shari kuliko shari kamili.

Nikasema, "Sikuwapo."

"Wasema hukuwapo ndani alipopigwa?"

"Sikuwapo."

Na kweli sikuwapo, Swafiya! Huo ndio ubaya wake. Neno lile lilikuwa la kweli, na kwa miaka zaidi ya thelathini nimejifunika nalo. Nilikuwa nikijiambia, sikusema uongo. Nilimpeleka, nikamwacha, kisha nikaapia kule kuacha kwangu kana kwamba kunanisafisha.

Nikamsikia Athumani akimwambia ami yake, kwa sauti ya chini, "Basi alikuwa pweke na mwanamume." Baba yangu akaagiza kahawa. Hakuna aliyeinywa.

Talaka ilitoka usiku ule. Ilikuwa talaka moja tu, talaka ya kurejea. Unaelewa maana yake? Mwanaisha alikaa eda nyumbani kwa mumewe, na muda wote wa eda Athumani angeweza kumrejea kwa neno moja. Nami nilikuwa na eda nzima ya kufungua mdomo wangu. Siku baada ya siku. Kwanza nikasema ngoja uandikishaji upite. Ukapita. Nikasema ngoja na uchaguzi. Uchaguzi ukafika, wanawake wa Kibokoni wakajipanga tangu kabla ya jua, wazee wanaokongoja, mabibi arusi wenye hina, na mimi natembea kwenye foleni napangusa machozi ya furaha, naitwa huku na huku. Mwanaisha alikuwa ndani, hatoki. Nilipita chini ya dirisha lake mara mbili siku hiyo. Sikutazama juu.

Eda ikaisha. Mtoto wao, Feswali, alikuwa ametimia miaka saba, babake akampeleka Malindi kwa bibi yake mzaa baba. Mwanaisha akarudi kwa wazazi wake, akawa mtu wa kusemwa. Mji huu hausahau, na kwa kuwa mdomo wangu mimi ndio uliokuwa na la kumwokoa, na umefungwa, kila mtu akajazia lake. Mwanamume mwingine hakuja kumposa. Picha alizichoma. Kitambulisho hakukichukua tena, na ndiyo maana mpaka leo laini yake ya simu imeandikishwa kwa jina langu, hospitali nampeleka mimi, na siku ya kura sote tukitoka yeye anabaki kulinda nyumba.

Mimi nilipanda. Nilitiwa kwenye kamati ya shule, nikaitwa mikutanoni, wageni wakaja kuniuliza nilifanyaje. Nikawaambia habari ya vijembe na kahawa. Habari ya Mwanaisha sikuwaambia.

Kisha nikaolewa na marehemu babako, nikapata mimba yako, ikanilaza kitandani. Wazazi wa Mwanaisha walikuwa wameshafariki. Nikamtumia mtu aje anisaidie, akaja, akakaa. Yeye ndiye aliyekuogesha siku ya kwanza. Yeye ndiye aliyekufundisha alifu kwa ujiti. Na mtaa ukanisifu: tazama Rukia, kamchukua yule maskini, kamsitiri. Nilizipokea sifa hizo pia. Nikizikumbuka sasa hivi natamani kujizaba kofi, lakini mikono ina wino.

Sababu ya kukuandikia haya kabla hujaondoka ni kwamba unakwenda kufanya kazi yangu, na umejifunza kwangu. Nakusikia unavyozungumza kwenye simu na hao wenzio, wanawake wangapi kwa wiki, wangapi kwa mwezi. Sisemi usihesabu. Lakini siku moja utafika kwa mwanamke, atakuamini, atavaa buibui lake au shuka lake atoke nawe, na wewe utaitwa mahali pengine penye wengi. Siku hiyo nikumbuke mimi. Ukimtoa kwake, mrudishe mpaka kwake. Na akikutaja, itikia.

Nilitaka kuiishia barua hapa. Nikaisoma tena, nikaona nimefanya mchezo wangu ule ule. Nakwambia wewe, unayenipenda, na aliyekosewa yuko hatua kumi kutoka nilipoketi, anakaanga mahamri. Mtu gani huomba radhi kwa mtu mwingine? Nimeiweka kalamu. Nakwenda jikoni.

Nimerudi. Adhana ya Magharibi imeshaadhiniwa, wewe hujarudi bado. Nitakuandikia kama ilivyokuwa, bila kujipamba.

Nilisimama mlangoni nikasema, "Mwanaisha, nina neno."

"Liseme upesi, mafuta yanaungua."

"Ile siku Athumani alipokuja kwetu..."

Akaliepua karai akaliweka chini. Hakunitazama. "Ulimwambia hukuwapo."

"Wajua?"

"Aliniambia usiku ule ule. Talaka alinipa baada ya neno lako, Rukia, si kabla."

"Na mbona ulikubali kuja kwangu?"

Alikuwa anapangusa unga vidoleni, kidole kimoja kimoja. "N'likuja nikusikie ukisema mwenyewe. Nikasema, mtu huyu nikiwa mbele ya mato yake kila siku, atasema. Nikangoja. Kisha mtoto akazaliwa, nikawa na kazi, nikasahau nililojia. Sasa mtoto yuwaenda zake. Nami tangu juzi n'meanza tena kungoja."

Nikapiga magoti pale sakafuni, na magoti yenyewe unayajua. Nikasema, "Nisamehe."

"Hapa jikoni?" akasema. Hakuwa na hasira, nadhani ningestahimili zaidi kama angekuwa nayo. "Ulinikana mbele ya wanaume. Athumani kafa, ami yake kafa, babako kafa, wote wamekwenda na neno lile. Feswali yu hai. Mwanangu ana miaka arubaini, yuwaja hapa Idi hadi Idi, hakai robo saa, na haniiti mama. Nenda ukamwambie yeye kama unavyoniambia mimi. Kisha uniulize."

Nikasema tutakwenda kesho, tukishakusindikiza. Feswali anakaa Likoni, tutavuka na feri moja kwa moja. Akaitikia kwa kichwa, akalirudisha karai motoni. Kisha akauliza, "Na Swafiya je?"

"Namwandikia."

"Umetia jina langu?"

"Nimetia Mwanaisha."

"Tia na la baba. Mwanaisha binti Swaleh. Asije akadhani ni hadithi ya watu wengine."

Nimelitia, kama unavyoona. 

Swafiya, naogopa. Nimesimama mbele ya mabwana wakubwa nikawajibu, nimezomewa nikaendelea kusema, na sasa namwogopa mwanamume mmoja fundi wa majokofu ambaye nilimwona akicheza gololi. Huenda akatufukuza. Huenda akaniuliza kwa nini nimengoja mpaka babake afe. Nawe huenda ukaisoma barua hii ndani ya basi ukanichukia kabla hujafika Voi. Una haki. Lakini usimpigie yeye simu ukalia, atakuwa na yake ya kubeba. Nipigie mimi. Nisiposhika, usishtuke, nitakuwa nimekaa mbele ya Feswali.

Nilimuuliza tena tulipomaliza kuswali. Nilimuuliza kama amenisamehe walau kidogo, walau kwa ajili yako. Amesema, "Kesho, nikishamsikia mwanangu."

Nenda salama, mwanangu. Mungu akutangulie.

Ni mimi mamako, Rukia, ambaye bado hajasamehewa.